Mali Iliyopotea Ikiwa na Daftari

Wazee wetu wametuachia methali: mali bila daftari hupotea bila habari. Tumeitumia sana methali hiyo makanisani mwetu. Tumewafundishia wahazini, vikundi vya akina mama, na vijana wa kwaya wanaochangisha fedha za kurekodi. Ni methali ya kweli. Lakini katika makala hii tunataka kusema jambo ambalo methali hiyo haikulitaja. Mali inaweza kupotea ikiwa na daftari, tena daftari safi lililokaguliwa na kupigwa mhuri, kama daftari hilo lina safu ya fedha iliyoingia na safu ya fedha iliyotumika, lakini halina safu ya kitu kilichouzwa.

Tuanze nyumbani. Katika usharika mmoja tuliowahi kuuhudumia kulikuwa na miti ya misaji iliyopandwa na wazee miaka mingi iliyopita. Mwaka mmoja baraza la wazee liliamua kuivuna yote na kuiuza, tukaezeka nyumba ya mchungaji na kununua vyombo vya muziki. Kwenye mkutano mkuu wa usharika mhazini alisoma taarifa: mapato yalikuwa makubwa kuliko mwaka wowote uliotangulia. Watu wakapiga makofi, nasi tuliokaa meza kuu tukapiga pia. Ndipo mama mmoja mzee akasimama, akasema: “Mchungaji, naomba kuuliza. Hiyo miti tumeipata mwaka huu, au tumeimaliza mwaka huu?” Tukasema swali ni zuri, tukaendelea na ajenda. Mwaka uliofuata mapato yalishuka, nasi tukasimama madhabahuni kuwalaumu washarika kwamba wamepoa katika utoaji.

Tunaungama kosa hilo mbele yenu kwa sababu si la usharika ule peke yake. Ndivyo mataifa yanavyojihesabu, na Kanisa limekuwa likiitikia amina.

Kila mwaka bajeti inaposomwa tunaambiwa uchumi umekua kwa asilimia fulani. Kipimo kinachotumika ni Pato la Taifa, yaani thamani ya bidhaa na huduma zilizozalishwa nchini ndani ya mwaka. Kipimo hicho kina kazi yake, wala hatukidharau. Lakini kina upofu mmoja. Nchi ikichimba madini na kuyauza, thamani inayobaki baada ya kulipia mafuta, vipuri na huduma zilizonunuliwa huandikwa yote kuwa pato. Mashine iliyochimba ikichakaa, wahasibu wanayo safu ya uchakavu, na wakitaka kujua pato halisi wanautoa. Lakini mwamba uliochimbwa, ambao hautarudi mpaka Bwana atakapokuja, haukuwekewa safu yake. Kwa daftari la namna hiyo, nchi inayouza urithi wake wote ndani ya miaka michache huonekana ndiyo yenye bidii kuliko zote.

Wataalamu wenyewe walionya mapema. Simon Kuznets, mchumi aliyeongoza kazi ya kupima pato la taifa la Marekani, alilieleza Bunge la nchi hiyo mwaka 1934 kwamba ni vigumu kujua hali njema ya taifa kwa kutazama kipimo cha pato lake peke yake. Onyo lilisikika, kipimo kikaendelea kutumika, na wanasiasa wakakifanya wimbo.

Ili tuuone upofu huu waziwazi, inafaa tuitazame nchi ndogo. Katika nchi kubwa shimo la mgodi mmoja hufichwa na mashamba ya mkoa mwingine. Katika nchi ndogo hakuna pa kulificha. Ndiyo maana tunawapeleka mbali kidogo, hadi Nauru.

Nauru ni kisiwa kimoja katika Bahari ya Pasifiki, karibu na ikweta. Ukubwa wake ni kilomita za mraba 21 tu, na mwenye miguu mizuri anaweza kukizunguka kwa siku moja. Wakazi wake ni kama 12,000, na wengi wao ni Wakristo. Mwaka 1899 alifika huko mmisionari Philip Delaporte, ambaye alifanya kazi ya kutafsiri Maandiko kwa Kinauru. Karibu wakati huo huo Albert Ellis, mfanyakazi wa kampuni ya biashara huko Sydney, alilipima jiwe lililokuwa likitumika ofisini kuzuia mlango. Jiwe hilo lilitoka Nauru. Akakuta kwamba ni fosfeti ya ubora wa juu, madini ya mbolea kama yale ambayo wakulima wetu wanayafahamu kutoka Minjingu. Kwa hiyo Neno la Mungu na wachimbaji viliingia kisiwani karibu pamoja.

Uchimbaji ulianza chini ya utawala wa Wajerumani. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, Uingereza, Australia na New Zealand ziliushika kwa pamoja, na fosfeti ikapelekwa kurutubisha mashamba ya Australia na New Zealand kwa bei iliyokuwa chini ya ile ya soko la dunia. Wenye kisiwa walipewa sehemu ndogo. Huo ulikuwa wizi, na hatuoni sababu ya kuupa jina jingine. Ilipoonekana kwamba kisiwa kitabaki mifupa mitupu, Australia ilitaka kuwahamishia Wanauru kwenye kisiwa cha Curtis, pwani ya Queensland. Mwaka 1964 wakakataa, wasije wakapotea kama taifa. Hapo walisimama pamoja na Nabothi katika 1 Wafalme 21, ambaye hakukubali kubadilisha urithi wa baba zake hata kwa shamba lililosemwa kuwa bora zaidi. Tarehe 31 Januari 1968 wakapata uhuru chini ya Hammer DeRoburt, na mwaka 1970 wakaichukua biashara ya fosfeti mikononi mwao.

Baada ya hapo daftari likaanza kuwasifu. Katika miaka ya 1970 pato la kila Mnauru, kwa hesabu ya wastani, lilikuwa miongoni mwa makubwa kabisa duniani. Hakukuwa na kodi ya mapato. Matibabu na elimu vilikuwa bure. Nchi ilijenga jengo la ghorofa 52 mjini Melbourne, lililofunguliwa mwaka 1977. Ikaanzisha shirika lake la ndege. Mwaka 1993 fedha za Nauru zilitumika kuandaa onyesho la muziki jijini London kuhusu maisha ya Leonardo da Vinci, onyesho lililofungwa baada ya wiki chache. Kulikuwa pia na mfuko wa mrabaha kwa ajili ya vizazi vijavyo, ambao wakati mmoja ulikuwa na zaidi ya dola bilioni moja za Australia. Uwekezaji mbovu, mikopo na ubadhirifu vikautafuna. Mwaka 2004 lile jengo la Melbourne likauzwa. Mwaka 2005 ndege ya mwisho ikachukuliwa na wadai.

Kisiwa chenyewe je? Karibu sehemu nne kati ya tano za ardhi zimechimbwa. Kilichobaki katikati ni msitu wa nguzo za mawe ya matumbawe, pasipolimika wala kujengeka kwa urahisi, na watu wanaishi kwenye ukanda mwembamba wa pwani. Mwaka 1989 Nauru iliishtaki Australia katika Mahakama ya Kimataifa ya Haki kwa ajili ya ardhi iliyochimbwa kabla ya uhuru, na mwaka 1993 wakapatana kwa malipo ya dola milioni 107 za Australia. Haki hiyo waliistahili. Lakini tangu mwaka 2001 nchi imepokea fedha za Australia kwa kuwashikilia kisiwani watu wanaoomba hifadhi, na mwaka 2021 ilijitokeza kuharakisha sheria za uchimbaji wa madini katika sakafu ya bahari kuu. Ardhi imekwisha, sasa bahari inatajwa.

Msomaji asidhani tunawacheka Wanauru. Walikuwa na Biblia kwa lugha yao kama sisi. Waliimba tenzi kama sisi. Walikuwa hata na mfuko wa akiba, jambo ambalo nchi nyingi kubwa hazina. Walichokosa ni kuuliza kila mwaka, mbele ya watu wote: tukijumlisha ardhi iliyobaki na fedha zilizomo mfukoni, je, tuko pale pale tulipokuwa mwaka jana, au tumepungua? Hesabu iliyotangazwa na kushangiliwa ilikuwa ile ya pato, nayo ilipanda. Urithi ukawa unashuka kwenye ukurasa ambao haukuandikwa.

Je, inawezekana kuuandika? Inawezekana, wala si siri. Salah El Serafy, mchumi aliyefanya kazi Benki ya Dunia, alionyesha njia ambayo hata mhazini wa mtaa anaweza kuielewa. Fedha ya mgodi si pato lote. Sehemu yake ni pato, na sehemu ni mtaji unaopaswa kuwekwa mahali pa kuzaa, ili mgodi utakapokwisha, kiasi kile kile cha pato kiendelee kuja. Chukua mgodi uliobakiza miaka 10, na uwekezaji unaozaa asilimia 5 kwa mwaka. Kwa hesabu yake, katika kila shilingi 100 unazopata, takribani shilingi 42 tu ndizo unazoweza kula kwa haki. Shilingi 58 ni ng'ombe, si maziwa. Mgodi ukiwa na miaka 50 mbele yake, unaweza kula takribani 92. Kwa hiyo hakuna anayesema watu wasile kabisa. Kinachosemwa ni kwamba kadiri mwisho unavyokaribia, ndivyo mkono unavyopaswa kujizuia, na daftari liseme hivyo.

Nchi nyingine ndogo zimejaribu. Kiribati, jirani wa Nauru, nayo ilikuwa na fosfeti katika kisiwa cha Banaba. Mwaka 1956, wakati wa ukoloni, ulianzishwa mfuko wa akiba kutokana na kodi ya fosfeti hiyo. Uchimbaji ulikoma mwaka 1979, lakini mfuko upo mpaka leo na unaisaidia serikali. Hata hivyo tusisahau kwamba watu wa Banaba wenyewe walihamishiwa kisiwa cha Rabi huko Fiji mwaka 1945, na kisiwa chao kikaliwa. Daftari linaweza kuwa sahihi kwa taifa na bado likamdhulumu jirani.

Timor-Leste, kwa sheria ya mwaka 2005, hukadiria kila mwaka utajiri wote wa mafuta na gesi, yaani fedha zilizomo mfukoni pamoja na kinachotarajiwa kutoka ardhini, kisha hutaja asilimia 3 kuwa kiasi kinachoweza kutumika bila kuumaliza urithi. Serikali imechukua zaidi ya hapo mara nyingi. Lakini ikitaka kuzidisha, inalazimika kulieleza Bunge sababu. Sisi Walutheri tunapaswa kulielewa hilo upesi kuliko wengine. Tumefundishwa tangu kipaimara kwamba sheria ni kioo. Haimwokoi mtu, bali humwonyesha dhambi yake, asipate pa kujificha. Daftari la kweli halimfanyi waziri kuwa mwema, ila linamwondolea udhuru.

Sasa tuje kwenye Maandiko. Katika Kumbukumbu la Torati 22:6-7 imo amri ambayo huenda hamjaisikia ikihubiriwa. Mtu akikuta kiota njiani, na mama ndege ameketi juu ya makinda au mayai, anaruhusiwa kuchukua makinda, lakini mama lazima amwachilie. Ahadi iliyofungwa na amri hiyo ni heri na siku nyingi, kama ile ya kuwaheshimu baba na mama. Mungu hakumkataza mwenye njaa kula. Alimkataza kula chanzo. Pale kwenye kiota Mungu aliweka tofauti kati ya pato na mtaji, karne nyingi kabla ya wachumi. Basi taifa linalomchukua mama pamoja na makinda, kisha likaandika kwamba mwaka huu limepata ndege wengi, limevunja amri mara mbili: kwa mikono na kwa kalamu.

Kwa kalamu, kwa sababu hapa kuna ushuhuda wa uongo. Luther, anapoieleza amri ya saba katika Katekisimo Kubwa, haishii kwa mwizi wa usiku. Anawafikia wanaodanganya sokoni kwa vipimo na mizani, watu waliokaa kwa heshima na kuitwa waungwana. Amosi aliwakemea wafanyabiashara walioipunguza efa. Sisi tumedhani maneno hayo ni ya muuza mahindi mwenye debe lililobonyezwa. Lakini kipimo cha taifa kinachohesabu kuuza urithi kuwa ni kupata faida ni debe lililobonyezwa, na anayepunjwa ni mtoto ambaye hajazaliwa. Hawezi kuja sokoni kulalamika.

Tunajua majibu yatakayotolewa. Wako wachungaji wenzetu watakaosema kwamba hesabu za taifa ni za wataalamu, na kazi yetu ni kuhubiri Injili. Tunawauliza: mbona uchumi ukitangazwa kukua tunasimama madhabahuni kumshukuru Mungu kwa baraka? Kama tuna mamlaka ya kuita kitu baraka, tuna wajibu wa kuuliza kimetoka wapi. Mchungaji anayebariki asichokichunguza ni shahidi aliyeapa bila kuona.

Wengine watasema maskini wanataka kula leo. Kweli wanataka, na ole wao wanaowahubiria maskini subira huku wao wameshiba. Lakini tazameni tena Nauru. Mgodi ulipokwisha, aliyeanguka kwanza si mwenye fedha za kuhamia nchi nyingine. Ni yule asiye na pengine pa kwenda. Anayeitetea hesabu ya uongo kwa jina la maskini anamkopesha maskini chakula cha mtoto wake, tena bila kumwambia kwamba ni mkopo.

Wengine watasema Mungu atatoa kingine. Mungu ni mwaminifu, hilo tunaliamini na kulikiri. Lakini Shetani naye alimwambia Bwana wetu ajitupe kutoka kinara cha hekalu kwa kuwa malaika watamdaka, na Bwana akakataa kumjaribu Mungu. Yusufu kule Misri aliamini ndoto imetoka kwa Mungu, na kwa sababu aliamini, akapima. Kila mwaka wa shibe alitenga sehemu ya tano.

Tena zama zimebadilika, udhuru wa kutokuwa na utaalamu umekwisha. Mwaka 2012 Umoja wa Mataifa uliidhinisha mfumo wa kuhesabu mazingira pamoja na uchumi. Machi 2025 Tume yake ya Takwimu ikaidhinisha kanuni mpya za hesabu za taifa, ambazo zinataka upungufu wa maliasili uhesabiwe kuwa gharama ya uzalishaji na kutolewa katika pato halisi. Lakini Pato la Taifa ghafi, lile linalotajwa majukwaani, litabaki lilivyo. Kwa hiyo nambari mbili zitakuwepo: moja ya kushangilia na moja ya kweli. Ni juu ya wananchi kudai ya pili, na washarika wa Kanisa ni wananchi.

Nchi yetu si ndogo kama Nauru, lakini ina vitu vidogo visivyo na akiba kwingine. Tanzanaiti inachimbwa Mererani peke yake duniani kote. Dhahabu ya Geita haioti tena. Tunaposikia kwamba sekta ya madini imeongeza mchango wake katika pato, tuna haki ya kuuliza kwa adabu na bila woga: ni kiasi gani kimepungua chini ya ardhi, na kimegeuzwa kuwa nini juu ya ardhi? Shule? Barabara? Au vyombo vya muziki?

Lakini hatutakuwa na kinywa cha kuuliza hayo kama madaftari yetu wenyewe yanasema uongo. Basi tunapendekeza jambo moja linaloweza kuanza katika mkutano mkuu wa usharika ujao. Taarifa ya mhazini iwe na ukurasa wa tatu. Wa kwanza, kilichoingia. Wa pili, kilichotumika. Wa tatu, tulichokuwa nacho na hatuna tena: miti iliyokatwa, kiwanja kilichouzwa, udongo uliochimbwa kufyatulia matofali, chemchemi iliyokauka. Kando ya kila kimoja iandikwe kilichowekwa mahali pake. Kama hakuna kilichowekwa, iandikwe hakuna, isomwe kwa sauti, na asipige makofi mtu. Halafu tufanye vivyo hivyo majumbani, kwa shamba tulilorithi na ng'ombe tuliyemuuza. Mzee wa kanisa aliyezoea kuusoma ukurasa huo usharikani ataweza kuudai kwa diwani na kwa mbunge wake.

Katika Luka 16 tajiri alimwita wakili wake atoe hesabu. Hakumuuliza kiasi gani kimepita mikononi mwake. Alikuwa amesikia kwamba mali inatapanywa. Siku hiyo inakuja kwa mataifa na kwa sharika. Yule mama wa misaji alituuliza swali lake mapema, tulipokuwa bado na nafasi ya kupanda, nasi tukamjibu kwa ajenda. Mungu atusamehe, na mwaka huu tumjibu.